Uzoefu wangu na gitaa kubwa la kale: Gibson Super 400 katika hewa ya Dar es Salaam

Gitaa hili lina upana wa inchi 18, yaani karibu sentimita 46, pale tumbo lake linapotanuka zaidi, na mtu aliyezoea magitaa yanayouzwa Kariakoo atachukua muda kabla mkono wake wa kulia haujapata pa kupumzika. Langu ni la mwishoni mwa miaka ya 1930. Nililinunua Upanga kwa familia ya baharia mstaafu, kwa bei ya gari dogo lililotumika, na sasa nimelipiga vya kutosha, kanisani na katika mazoezi ya bendi, kuweza kumshauri anayelitamani.

Ukubwa huo una sababu. Gibson walilitoa mwaka 1934, wakati mpiga gitaa katika bendi kubwa za Marekani alikaa katikati ya tarumbeta na saksafoni bila chombo cha kumkuzia sauti. Modeli ya L-5 iliyotangulia ilikuwa na inchi 16. Jina lilitokana na bei yake, dola 400, fedha nyingi mno katika miaka ile ya mdororo wa uchumi. Mwaka 1936 kampuni hiyohiyo ikatoa gitaa la umeme, ES-150, na haja ya kutafuta sauti kwa kutanua tumbo ikaanza kufifia.

Wengi hudhani tumbo kubwa huleta besi nzito. Sivyo. Ubao wa juu umechongwa kwa mbinuko, kama mgongo wa fidla, na sauti hutoka kavu, kwa nguvu, kisha huzima upesi, jambo ambalo mpiga ridhimu hulihitaji kuliko kitu kingine chochote. Sauti hiyo pia huenda mbele zaidi kuliko inavyomrudia mpigaji: katika mazoezi, mpiga tumba aliyekuwa mwisho wa ukumbi alisikia kila mpigo bila spika, ilhali mimi niliyelipakata niliona napiga kwa upole. Anayependa kudonoa nyuzi kwa vidole na kuziacha ziimbe muda mrefu atafute gitaa jingine.

Shida kubwa hapa kwetu ni hewa. Mbao za gitaa hupendelea unyevu wa karibu asilimia 50, na Dar mara nyingi tunapita 70, masika zaidi. Magitaa ya zama hizo yaliunganishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, ambayo hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo kuliacha ndani ya gari lililoegeshwa juani ni kulibomoa. Kulitoa chumba chenye kiyoyozi na kulipeleka barazani kila jioni nako ni vibaya, kwa kuwa mbao hutanuka na kusinyaa bila kutulia. Mimi hulihifadhi katika sanduku lake, pamoja na pakiti za kunyonya unyevu na kipimo kidogo cha kuusoma. Fundi wa kwanza niliyempelekea alitaka kuunga mshono ulioachia kwa epoksi, gundi ya kemikali. Nilikataa, kwa sababu gundi ya ngozi hufunguka tena kwa mvuke pasipo kuumiza ubao, na epoksi haifunguki hivyo.

Daraja lake, yaani kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao, halikugundishwa, linashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu. Ukitaka kubadilisha nyuzi, ondoa mmoja, funga mwingine, ndipo uende kwa unaofuata. Ukizilegeza zote kwa pamoja daraja litasogea na gitaa halitapatana tena hadi ulirudishe mahali pake. Nyuzi nene zinazolifaa sijaziona madukani hapa, huagiza nje.

Kabla ya kulipa, ingiza tochi ndogo na kioo katika tundu la sauti, ukague zile fito mbili zinazobeba ubao wa juu. Kisha pitisha karatasi nyembamba kuzunguka ukingo wote: ikipenya kati ya ubao na ubavu, gundi imeachia hapo, na muuzaji hana budi kushusha bei.