Nilikagua jimu saa nne asubuhi, nikaenda kuitumia saa kumi na mbili jioni

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu nililipa shilingi 150,000 kwa simu, nikawa mwanachama wa jimu kwa miezi mitatu. Jina lake nalihifadhi. Ipo upande wa Nyakato hapa Mwanza, na watu wake si wabaya, ila kuna kosa nililifanya mwenyewe ambalo naona wengi tunalifanya.

Vyuma sikuvifuata kwa hamu. Presha ilikuwa imeanza kupanda, na daktari akaniambia nijitahidi kufikisha angalau dakika 150 za mazoezi kwa wiki, kiwango kilekile kinachosemwa na Shirika la Afya Duniani. Nikaanza na barabara. Masika ya huku yakishika, tope la pembeni mwa lami ni la kukuvua kiatu, na ukipanda juu ya lami bodaboda anakupitia ubavuni. Kuna wanaopanda vilima vya mawe vya Mabatini asubuhi na kushuka wakiimba. Magoti yangu hayako kwenye kwaya hiyo.

Ziwa nalo lipo, tena bure. Lakini kichocho nilishaugua utotoni, na vile vidonge vikubwa vichungu bado navikumbuka. Vimelea vinatoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima, hata isiyo na mchubuko, kwa hiyo habari ya "nitaoga haraka nitoke" mimi hainidanganyi.

Basi nikaenda kukagua jimu. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mashine nne za kukimbilia, baiskeli tatu, dambeli zimepangwa kwa uzito, vioo vinang'aa, feni inazunguka, sakafu inanukia dawa. Ndani kulikuwa na mzee mmoja anapiga baiskeli huku anasoma gazeti. Nikajiona nipo hapo kila jioni, kwa raha zangu. Kwa mwezi ni 60,000, ukilipa mitatu kwa mpigo ni 150,000. Mimi ni mhasibu, punguzo lina njia yake ya kuniingia. Nikalipa.

Jumatatu nikatoka ofisini saa kumi na moja, nikabanana kwenye daladala, saa kumi na mbili kasoro nikaingia. Ilikuwa jimu nyingine. Paa ni la bati, na jua lote la mchana lilikuwa limejikusanya humo ndani. Feni ileile ilizunguka kwa uvivu wa umeme mdogo wa jioni. Kwenye benchi la kifua walikuwa vijana sita, mmoja analala, watano wanahesabu, na kati ya zamu na zamu kuna hadithi ya mechi ya Simba na Yanga. Mashine mbili za kukimbilia zilikuwa na karatasi: "MBOVU". Jumamosi sikuziona kwa sababu sikuziwasha. Ukikagua, washa.

Nikasubiri nyingine dakika kumi na saba. Nimekimbia kidogo, jasho ndiyo linaanza kutoka, umeme ukakatika. Kama hujawahi kuwa juu ya mkanda ule umeme ukikatika, sikia: mkanda unasimama, wewe husimami. Kifua kikaenda kugonga kile kibao cha namba, na giza likawa giza. Nikasikia sauti ya kocha kutoka upande wa dambeli: "Mayu, shika vyuma, usishuke!" Nikashika. Jenereta lilikuwepo. Mafuta ndiyo hayakuwepo. Tukamulikana kwa simu mpaka mlangoni.

(Nina miaka thelathini na tisa. Hilo "mayu" la Kisukuma, yaani mama, ni heshima, najua, lakini siku ile liliniuma kuliko kifua.)

Kesho yake nikauliza kama naweza kurudishiwa angalau ya miezi miwili. Dada wa mapokezi akanijibu kwa upole sana, "Dada yangu, hela ikishaingia kwenye mfumo haitoki." Sentensi hiyo hata sisi wahasibu huwa tunaitumia, sikuwa na la kuongeza.

Nikaamua kufanya ninachokijua. Kwa wiki mbili nilibonyeza saa ya simu kila nilipoanza zoezi na kila nilipoacha. Wastani ukawa hivi: nakaa ndani dakika 80, nafanya mazoezi dakika 31. Zilizobaki ni foleni, kutafuta dambeli mwenza, na kusubiri mtu amalize kujipiga picha kwenye kioo. Kwa mahudhurio kumi na mawili kwa mwezi, kila jioni inanigharimu kama shilingi 4,166, yaani 134 kwa kila dakika ya jasho. Na wiki yangu ya siku tatu inazaa dakika 93, wakati daktari anadai 150.

Siku zisizo za jimu nikazunguka kwingine na saa yangu mkononi. Aerobiki ya ukumbini, ule ukumbi ambao Jumamosi unakuwa wa harusi na Jumanne wa mazoezi, ni 2,000 kwa kipindi. Spika ni mbovu, maturubai ya harusi yamekunjwa pembeni, na akina mama tunajipanga mistari minne kama tunamngoja bwana harusi. Lakini hakuna cha kusubiri: kipindi cha saa nzima, nimetoka jasho dakika 50. Shilingi 40 kwa dakika. Kwa presha na pumzi sijaona kinachoifikia. Ubaya wake ni sakafu ya saruji na ile mirukoruko. Baada ya wiki mbili goti la kulia likaanza kulalamika, nikawa naruka kwa kukanyaga tu.

Bwawa la hoteli 10,000 kwa siku, naogelea dakika 45, shilingi 222 kila moja. Goti linashukuru, pochi inalia. Ni la mwisho wa mwezi, mshahara ukitoka.

Nikapita pia kwenye jimu ya uani mtaani, ile ya vyuma vya zege: makopo ya rangi yamejazwa saruji, bomba katikati. Elfu moja tu. Vijana wa pale walinipokea vizuri kuliko popote. Ila kopo la kushoto lilikuwa zito kuliko la kulia, na pa kubadilishia nguo hapakuwepo. Sikurudi.

Sasa kwa nini sikuiacha jimu ya Nyakato? Kwa sababu ya kocha. Yule kijana ana jicho. Nilikuwa nachuchumaa magoti yakitangulia mbele, akaleta kigoda akakiweka nyuma yangu. "Mayu, unasonga ugali. Kaa kwenye kigoda, lakini kabla hujagusa, amka." Kalio likarudi nyuma, kisigino kikabaki chini, na kwa mara ya kwanza maumivu yakahama kutoka gotini kwenda kwenye paja, mahali pake. Ukumbini watu arobaini wanamfuata mmoja, hakuna wa kukuwekea kigoda.

Mwezi wa pili nikamuuliza kocha ni saa ngapi pale pako kama nilivyopaona siku ile ya kwanza. Akacheka. "Asubuhi, saa kumi na mbili. Haji mtu." Tangazo la mlangoni linasema wanafungua saa hiyo, ila kwa kuwa haji mtu, hawafungui. Funguo anazo mlinzi, na mlinzi anafungua akiamka.

Nikaongea na mlinzi. Ni mzee wa heshima, anapenda kahawa. Tangu hapo nafika saa kumi na mbili na chupa ndogo ya kahawa, namwamkia, ananijibu "mwangaluka, mayu," anafungua, anawasha taa na kurudi kwenye kiti chake. Bati bado la baridi, umeme una nguvu, mashine mbili nzima zote zangu. Nimepima: nakaa dakika 60, nafanya 52. Dakika imeshuka mpaka shilingi 80, kahawa sijaihesabu. Kocha anafika saa moja kasoro, ananirekebisha mgongo, nami naondoka kuwahi daladala kabla ya msongamano wa Buzuruga.

Jumamosi iliyopita miezi mitatu imekwisha. Dada wa mapokezi akaniuliza kama nalipia mingine mitatu kwa punguzo. Nikalipa mmoja, elfu sitini kamili, na nikamwomba aniandikie kwenye risiti: "Kufungua saa 12:00 asubuhi." Aliandika huku akicheka. Risiti nimeiweka.