Laini za nje hazitoshi ofisini? Anza na SIP (simu kupitia intaneti), halafu laini za simu kadi

Mteja akipiga mara mbili akakuta namba inatumika, mara ya tatu anampigia mshindani wako. Hapo ndipo ofisi nyingi hukimbilia kuomba laini mpya, na hesabu inayotumika huwa ni idadi ya wafanyakazi. Hesabu badala yake simu zinazoongelewa kwa wakati mmoja, saa ile pilika zimepamba moto. Ofisi ya watu ishirini ambayo kazi yake si kupokea simu kutwa, mara nyingi laini nne hadi sita zinaitosha.

Kabla hujatoa hela, mwite fundi akuonyeshe PABX yako (mtambo unaogawa simu za ofisi) inapokea nini. Panasonic KX-TES824, ambayo bado imetundikwa ukutani kwenye ofisi chungu nzima, inatoka kiwandani na nafasi 3 za laini za nje na ekstensheni (simu za ndani) 8. Ukiiongezea kadi inafika laini 8 na ekstensheni 24, basi. SIP haina, kwa hiyo itahitaji geitiwei, yaani kifaa cha kuiunganisha, au uibadilishe.

1. SIP, kama una faiba ya kuaminika

Hii ndiyo ningeanza nayo. Namba moja inabeba simu nyingi kwa pamoja, na kuongeza laini ni kumwandikia mtoa huduma tu, hakuna kuchimba wala kuvuta waya. Watu huogopa kwamba itakula intaneti, lakini simu moja kwa ubora wa kawaida (G.711) inachukua karibu kilobiti 90 kwa sekunde kila upande. Simu kumi hazifiki megabiti moja. Kinachoharibu maongezi ni intaneti inayoyumba, sauti ikawa inakatika katika, hivyo mwambie fundi aipe sauti kipaumbele kwenye ruta.

Mambo mawili usiyaache. Umeme ukikatika, ruta, swichi na PABX vyote viwe kwenye UPS (betri ya akiba), si PABX peke yake. Na usalama: wezi wa mtandaoni hutafuta PABX zenye nywila dhaifu, wakapiga nje ya nchi usiku kucha kwa gharama yako. Funga simu za kimataifa kwa ekstensheni zisizozihitaji, na chukua huduma ya kulipia kabla ukiweza.

2. Geitiwei ya GSM

Kisanduku chenye antena na matundu ya simu kadi. Kila kadi ni laini moja ya nje. Kwa ofisi ambayo wateja wake karibu wote wako kwenye simu za mkononi, hii inaweza kuishinda SIP kwa bei, maana unapiga kwa bando la mtandao uleule wa mteja.

Udhaifu wake uko kwenye simu zinazoingia, kwa kuwa kila kadi ina namba yake. Dawa ni kuhamisha simu laini inapokuwa bize: kwa kadi ya kwanza piga \*\*67\*, namba ya kadi ya pili, kisha #. Ila kipande hicho cha pili cha simu hukatwa kwenye salio la kadi inayohamisha. Nunua kifaa chenye idhini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania), kadi zisajiliwe kwa jina la kampuni, na antena isifichwe kwenye kabati la chuma.

3. Laini ya shaba

Ni ile ya simu ya mezani ya waya. Chukua moja, ya akiba. Umeme wake unatoka kwa mtoa huduma, kwa hiyo simu ya kawaida ikichomekwa moja kwa moja ukutani huweza kufanya kazi hata gizani. Zikiwa nyingi ni kero: mvua, wizi wa waya, na ule ugonjwa wa PABX kutojua kwamba mpigaji ameshakata, laini ikabaki imeshikwa. Muulize mtoa huduma kama anatuma ishara ya kukata, na fundi airekebishe PABX iisome.

4. E1

Laini moja ya kidijitali yenye chaneli 30, yaani simu 30 kwa mkupuo. Ya benki na hospitali kubwa.

Kazi ikiisha, fundi asiondoke kwanza. Chukueni simu za mkononi nyingi kadiri ya laini mlizonunua, mpige namba kuu kwa pamoja. Kisha kateni zote, mngoje dakika moja, na mpige tena, muone kama kuna laini iliyobaki imeshikwa.