Bastola ya gumegume ya manowari za Uingereza: angalia mishale kabla ya bei

Karibuni wadau. Leo mezani ninayo bastola ya gumegume ya jeshi la majini la Uingereza, mali ya mzee mmoja mkusanyaji, na hapana, haina baruti. Mtutu inchi 12, mdeki (fimbo ya kushindilia baruti) wa mti, ndoano ya kuchomeka mkandani. Gumegume hulipuka kwa cheche za jiwe likigonga chuma; hilo mmeshaona, sirudii.

Mimi nimefuata chapa. Tazameni bamba la mtambo wa kufyatulia: taji, chini yake GR, yaani Georgius Rex, Mfalme George. Wauzaji wakiona hivyo tu, "Hii ya George wa Tatu!" Wamejuaje? Wafalme wanne wa jina hilo walifuatana, 1714 mpaka 1830, herufi zile zile. Kinachosaidia ni huku mkiani mwa bamba: TOWER, bila mwaka. Kabla ya 1764 waliweka jina la fundi na mwaka, kwa hiyo hii ni ya baada ya hapo. Na wanaosema Tower ni kiwanda wananiudhi kweli! Ni ngome ya London, silaha zilikaguliwa na kutunzwa pale, lakini vipande vingi vilifuliwa na mafundi wa Birmingham.

Sasa utamu wenyewe. Huu mshale ulio kama wayo wa kuku maana yake mali ya serikali. Ngoja nizime taa, nimulike tochi kwa ubavu... hapo hapo! Mnauona wa pili? Umegeuzwa, ncha kwa ncha na wa kwanza. Yaani serikali yenyewe iliitoa jeshini ikaiuza. Nageuza tochi tena, angalieni kivuli kinavyoingia kwenye mikwaruzo ile. Jamani, ni nzuri mno! Ilitoka kihalali, na ushahidi uko kwenye chuma.

Nakala za mapambo nazo zina TOWER, tena kubwa. Fungua mtambo: huku ndani mkaguzi alipiga taji na namba. Ukikuta kutupu, mrudishie mwenyewe.

Wiki ijayo naleta ya Wafaransa ya 1805. Wale waliandika kiwanda waziwazi kwenye bamba, St Etienne, Maubeuge au Charleville. Kwa chapa, Wafaransa naona wanaongoza. Kwa ile mishale miwili, hapana, nabaki na hii.

Mzee anataka pauni 1,400. Mwanzo niliona ghali. Baada ya kuona ndani, siyo. Ila chini ya ndoano pana kutu, ningempa 1,200. Mwenye nayo nyumbani aniwekee picha hapo chini, ya ndani ya mtambo, siyo ya nje.