Monadnock, Chicago: jengo la matofali, nyota tano

Jamani kama uko Chicago na una nusu saa mjini, nenda Monadnock pale kona ya mitaa ya Jackson na Dearborn, hulipi kitu, unaingia tu kama mteja mwingine maana mpaka leo ni jengo la biashara, chini maduka juu ofisi. Upande wa kaskazini uliisha 1891, ghorofa 16, na kuta za nje ni matofali yanayojibeba yenyewe toka chini mpaka juu, ndo maana pale chini ukuta una unene wa karibu mita 1.8! Simama kwenye dirisha la chini uone kioo kilivyo ndani kabisa.

Hamna nakshi nakshi. Ukuta unajikunja kidogo ukipanda, halafu juu kabisa unafunguka tena kwa nje, matofali rangi ya kahawia iliyoiva, mi naona hapo ndo uzuri wote ulipo. Msanifu John Root alifariki mwanzoni mwa 1891 hata hakuliona limekamilika, inauma kwakweli.

Upande wa kusini ni wa 1893, kazi ya wasanifu Holabird na Roche, huo una fremu ya chuma inayobeba uzito, ndo maana kuta zake nyembamba zaidi. Miaka miwili tu na ujenzi ushabadilika hivyo!

Ndani angalia ngazi, zina alumini, enzi hizo kitu kipya kabisa kwenye ujenzi. Korido ni nyembamba na zina mwanga hafifu, wengine hawatapenda. Jengo zito limedidimia ardhini, angalia hatua yako mlangoni.