TAHADHARI: Unga na mafuta ya "kulinda nywele" kwa wagonjwa wa kemo, Kampala

Ndugu zangu mnaouguza wagonjwa wa saratani wanaopata kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) hapa Kampala, hasa mliotoka mbali kama sisi wa Arua mkapanga chumba karibu na hospitali ya Mulago: kuna kijana anazunguka penye jamaa za wagonjwa, amevaa koti jeupe, ana begi la makopo. Ametula shilingi 180,000.

Dada yangu ana saratani ya matiti. Wiki aliyotundikiwa dripu nyekundu ya kwanza, ile ya doksorubisini, kijana alimhakikishia kwamba nywele hazitadondoka akinywa unga wa manjano, chai ya kijani na mbegu za zabibu, "antioksidanti za mimea" (viini vinavyosemwa hukinga seli zisiharibiwe), na kupaka mafuta yake usiku. Tukatuma hela kwa simu palepale. Dada hakukosa hata asubuhi moja. Siku ya 17 nilimkuta kakaa kitandani na kitana mkononi, nywele zimejaa mapajani. Kumpigia kijana, anasema tulichelewa kuanza, tununue kopo la pili. Nikabandua lebo ya chupa kwa ukucha: chini yake ipo lebo ya mafuta ya nywele ya dukani.

Akiwaonyesha kwenye simu yake picha za wagonjwa wenye nywele, zisiwahadae. Kemo hupiga seli zinazogawanyika haraka, na za kwenye mzizi wa nywele ni miongoni mwao. Nywele huanza kudondoka wiki 2 hadi 4 baada ya dozi ya kwanza, na kwa wengi huota tena zenyewe miezi michache baada ya matibabu kuisha. Tena si kila kemo inamaliza nywele. Ndiyo maana kijana hatakosa mashahidi kamwe.

Hela inauma, lakini sista, yaani muuguzi, alipoliona kopo ndipo nilipoogopa. Alimwachisha dada siku ileile. Manjano ya kwenye mchuzi hayana neno. Unga wa kunywa kwa vijiko kila siku unaweza kugongana na dawa. Utafiti wa Marekani uliotoka 2019 uliona dalili kwamba wanawake wenye saratani ya matiti waliomeza vidonge vya antioksidanti kabla ya kemo na wakati wa kemo walirudiwa na ugonjwa zaidi. Ni dalili, bado si uthibitisho. Lakini jiulizeni: kama unga huu kweli unazikinga seli na kemo, nani ameuambia ukinge nywele peke yake na kuiacha saratani?

Kinachojulikana kuwasaidia baadhi ya wagonjwa ni kofia ya baridi, inayovaliwa dripu ikiingia ili mishipa ya kichwani isinyae na dawa kidogo tu ifike kwenye mizizi. Hiyo huvalishwa hospitalini, haitoki kwenye begi la mtu.

Uganda hii hata dawa ya mitishamba inatakiwa ipite NDA, mamlaka ya taifa ya dawa. Kopo letu halikuwa na namba, wala jina la mtengenezaji, wala tarehe ya kuisha.

Kama mmeshanunua, kopo msilitupe. Libebeni lilivyo mkamwonyeshe daktari wenu kabla ya dripu inayofuata, hata kama mgonjwa amelionja mara moja tu. Sisi tulilificha wiki mbili kwa kuona haya.