Kula kwa bei nafuu Pattaya: mahali pa kuanzia, mahali pa kurudia na mahali pa kupita tu

Pattaya, mji wa pwani ulioko mkoa wa Chonburi nchini Thailand, takriban kilomita 150 kusini-mashariki mwa Bangkok, unajulikana kwa starehe za gharama, lakini kwa upande wa chakula ni mji ambao mgeni anaweza kula vizuri mara tatu kwa siku bila kugusa fedha aliyotenga kwa ajili ya hoteli. Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofuata nguo Bangkok, au wanaopeleka vito katika soko la Chanthaburi ambalo liko upande huo huo wa nchi, hupenda kupumzika hapo siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani, na wengi wao huishia kula katika mgahawa wa kwanza wanaouona ng'ambo ya ufukwe. Mwongozo huu unapanga sehemu za kula kuanzia ile yenye thamani kubwa kwa fedha yako. Bei zilizotajwa ni za kukadiria, na kwa hesabu ya haraka baht moja, fedha ya Thailand, ni karibu shilingi 4 za Kenya, au kati ya shilingi 75 na 80 za Tanzania.

Kigezo kilichotumika hapa ni shibe, wala si bei ya sahani. Sahani ya Kithai ni ndogo, kwa kuwa Wathai wenyewe hula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku, na mtu aliyezoea sinia la wali la nyumbani atamaliza sahani ya baht 50 akiwa bado anatazama huku na huku. Kwa hiyo sahani ya baht 50 unayolazimika kuiagiza mara mbili ni ghali kuliko ya baht 80 inayotosha. Dawa yake ni rahisi: wakati wa kuagiza sema «phiset», na mpishi atakuongezea wali na nyama kwa baht 10 hadi 20 tu. Wali mweupe wa ziada nao kwa kawaida hauzidi baht 10 au 15.

Jambo la pili la kufahamu kabla ya kuchagua ni ramani. Barabara kuu za Pattaya zimelala sambamba na bahari: kwanza Beach Road, kisha Second Road, kisha Third Road, na hatimaye Sukhumvit, ambayo ni barabara kuu ya kwenda mikoani. Kadiri unavyoipa bahari mgongo ndivyo bei inavyoshuka, na ng'ambo ya Sukhumvit, wanakoishi wafanyakazi wa hoteli na madereva, chakula kilekile kinaweza kuuzwa kwa nusu ya bei ya ufukweni. Usafiri wa kufika huko ni songthaew, yaani pikapu zenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma, mfano wa zile chai maharage za Dar es Salaam ya zamani. Unapanda, unabonyeza kengele unapotaka kushuka, unampa dereva baht 10 au 20 na kuondoka. Ukianza kwa kumuuliza bei, yeye huelewa kwamba unataka kukodi gari zima.

Nafasi ya kwanza ninaipa Pier 21, ukumbi wa chakula ulio ndani ya jumba la maduka la Terminal 21, Pattaya Kaskazini, lililofunguliwa mwaka 2018. Wako watakaoona ajabu kuweka jumba la maduka mbele ya vibanda vya mtaani, na kwa mtu anayetafuta hadithi ya kusimulia wana haki. Lakini huu ni mwongozo wa ununuzi, na kwa mnunuzi hakuna mahali panapompa zaidi. Wenye jumba hawatafuti faida kubwa katika chakula. Wanataka watu waingie ndani, na ndiyo maana sahani nyingi huuzwa kwa bei ya mtaani, au hata chini yake, mahali penye kiyoyozi, meza safi na choo. Utaratibu ni wa kadi: unalipa fedha taslimu kaunta, unapewa kadi yenye kiasi hicho, kila kibanda kinakata bei yake, na baki unarudishiwa kaunta. Wengi husahau kurudisha kadi, na hapo ndipo unafuu unapoyeyuka.

Faida kubwa ya ukumbi huo kwa mgeni ni kwamba kila chakula kina picha na bei iliyoandikwa, hivyo siku ya kwanza unaweza kujifunza majina yatakayokufaa mitaani siku zinazofuata. Anza na khao man gai, wali uliopikwa kwa mchuzi na mafuta ya kuku, ukiwa na vipande vya kuku wa kuchemsha juu yake, bakuli dogo la supu pembeni na kachumbari ya pilipili, tangawizi na maharage ya soya yaliyochachushwa. Hauna ukali wowote mpaka uutie mwenyewe. Baada ya hapo jaribu pad kra pao, nyama ya kusaga au ya vipande iliyokaangwa haraka kwa kitunguu saumu, pilipili na majani ya kra pao, aina ya mrehani, juu ya wali wenye yai la kukaanga. Hiki ndicho chakula ambacho Mthai huagiza asipojua ale nini, na ndicho ninachokitumia kupima jiko lolote: majani yakiwa yamenyauka na yai likiwa limepoa, usirudi hapo.

Nafasi ya pili ni vibanda vya wali na michuzi, khao kaeng, vinavyofanya kazi ileile ya mama lishe. Masufuria na trei hupangwa mbele tangu asubuhi, nawe unaonyesha kwa kidole mchuzi mmoja au miwili, ambayo humwagwa juu ya wali. Mchuzi mmoja na wali ni kati ya baht 40 na 60. Watu wa pwani yetu watajisikia nyumbani, kwa sababu michuzi mingi hupikwa kwa tui la nazi, na massaman, wenye viazi, karanga, mdalasini na iliki, unaweza kuwekwa kwenye meza ya Mombasa bila mtu kuuliza umetoka wapi. Vibanda hivi hupatikana kwa wingi katika vichochoro vya Soi Buakhao, kati ya Second Road na Third Road, na kwa wingi zaidi ng'ambo ya Sukhumvit. Kasoro yake ni saa. Chakula hupikwa alfajiri, na kufikia alasiri kilichobaki kimekaa kwenye joto kwa muda mrefu. Nenda kabla ya saa saba mchana, chagua kibanda ambacho trei zake zinaisha na kujazwa upya, na usijaribiwe na kile chenye trei zote zilizojaa wakati jirani zake wamekwisha kuuza.

Hapa niseme neno juu ya nyama ya nguruwe, kwa kuwa wasomaji wengi hawaili, wawe Waislamu au Wasabato. Katika khao kaeng na pad kra pao, nguruwe ndiyo nyama ya kawaida, na hata mboga za majani zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake au kwenye karai lenye mabaki ya nyama hiyo. Kusema «mai sai mu», yaani usiweke nguruwe, kunaondoa nyama lakini hakuoshi sufuria. Kwa anayetaka uhakika ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta alama ya halali iliyoandikwa kwa Kiarabu ndani ya umbo la almasi, ambayo hutolewa chini ya Baraza Kuu la Kiislamu la Thailand. Utaiona kwenye mikokoteni, kwenye migahawa midogo ya Waislamu wa Kithai, na pia kwenye bidhaa nyingi za maduka ya 7-Eleven. Migahawa hiyo huuza khao mok gai, biriani ya kuku yenye wali wa manjano, kwa bei isiyotofautiana na ya vibanda vingine, na kwa shibe inashindana na chochote kilichotajwa humu. Njia ya pili ni kufuata vibendera vya manjano vyenye maandishi mekundu, alama ya chakula cha jay, ambacho hakina nyama, samaki, mayai wala maziwa. Si cheti cha halali, ila ni kinga nzuri kwa aliyekosa mgahawa wa Kiislamu karibu.

Nafasi ya tatu ni wapishi wa Isan, eneo la kaskazini-mashariki ambako wafanyakazi wengi wa Pattaya wametoka. Hawa wanachoma kuku kwenye mkaa, wanatwanga saladi ya papai bichi iitwayo som tam kwenye kinu mbele yako, na wanauza wali wa kunata kwenye vifuko vidogo. Wali huo huliwa kwa mkono: unamega tonge, unalibonyeza, unachovya kwenye mchuzi mkali wa ukwaju. Nusu ya kuku, som tam na vifuko viwili vya wali vinawatosha watu wawili kwa takriban baht 200. Angalizo ni pilipili. Som tam ya kawaida inaweza kumtoa machozi hata mtu aliyelelewa kwa pilipili mbuzi, hivyo sema «mai phet» kama hutaki kabisa, au taja idadi ya pilipili kwa vidole kabla mpishi hajaanza kutwanga. Ina karanga na mara nyingi uduvi, jambo ambalo mwenye mzio hapaswi kulipuuza.

Masoko ya usiku ninayaweka nafasi ya nne, chini ya pale ambapo vitabu vya watalii huyaweka. Soko la Thepprasit, linalochangamka mwishoni mwa wiki, na lile la usiku la Jomtien yanafaa kwa kuonja vitu vingi: mishikaki ya baht 10 hadi 20, roti ya ndizi na yai iliyomiminiwa maziwa mazito, maembe na wali wa kunata wenye tui, ambayo huwa matamu kupita kiasi kati ya Aprili na Juni msimu wa maembe unapopamba moto. Tatizo ni kwamba kuonja hakushibishi, na kila kituo kinachukua baht 40 bila wewe kuhisi. Mtu aliyekula khao man gai kabla ya kwenda sokoni atatumia kiasi kidogo na kufurahia zaidi.

Migahawa ya Kihindi na ya Kiarabu, iliyosongamana Pattaya Kusini karibu na Walking Street, mtaa wa starehe za usiku, inafuata. Chakula ni kizuri, wali ni mwingi, nyama ni halali na wahudumu wanasikia Kiingereza, lakini mlo mmoja hugharimu baht 200 hadi 350, na mtu wa Zanzibar au Nairobi anajiuliza kama alikuja mbali hivyo kula biriani ya mbuzi. Familia yenye watoto wasiotaka chakula kigeni itaona ni fedha iliyotumika vizuri. Msafiri wa peke yake haihitaji.

Mu kratha, nyama ya kujichomea mezani kwenye chuma cha moto chenye mfereji wa supu pembeni, ina bei moja ya kula mpaka ushindwe, kwa kawaida kati ya baht 200 na 300. Kwa wenye njaa kweli ni nafuu, ila nguruwe ndiyo msingi wake, vinywaji hulipiwa mbali, na anayebakiza nyama sahanini anaweza kutozwa faini.

Mwisho kabisa wa orodha ni migahawa ya samaki wa baharini iliyo usoni mwa maji, yenye matangi ya kaa na kamba mlangoni. Bei iliyoandikwa pale mara nyingi ni ya gramu 100, si ya samaki mzima wala ya kilo, na samaki wa gramu 800 anayeonekana kuwa wa baht 90 atafika mezani akiwa wa baht 720. Ongeza ada ya huduma ya asilimia 10 na kodi ya asilimia 7 pale ambapo menyu ina alama mbili za kujumlisha, na bili itakuwa imekimbia mbali na ulichotarajia. Anayetamani kaa au ngisi aende soko la Lan Pho huko Naklua, kaskazini mwa mji, ambako wavuvi huuza kwa kilo, mizani ikiwa mbele yako, na jirani yao wako wanaokuchomea au kukuchemshia ulichonunua kwa malipo madogo, kisha unakula kwenye bustani iliyo kando ya bahari. Fika asubuhi au mapema alasiri, chagua kaa aliye hai na mzito kwa umbo lake, na ubebe wali wako kutoka nje.

Kokote utakakokula, beba noti ndogo. Vibanda vingi hupokea fedha taslimu au malipo ya simu yanayotegemea akaunti ya benki ya Kithai, na kila unapotoa fedha kwenye mashine kwa kadi ya kigeni unakatwa baht 220 au zaidi, ambazo ni milo minne ya khao kaeng. Toa kiasi kikubwa mara moja, au badilisha dola kwenye vibanda vya kubadilishia fedha mitaani, ambavyo viwango vyake kwa kawaida ni bora kuliko vya uwanja wa ndege.