Sedani ya Familia katika Theluji ya Minnesota: Kipi Kinunuliwe Kwanza

Kila ifikapo Oktoba, sisi wa Afrika Mashariki na Kongo tunaoishi Minneapolis, Saint Paul na vitongoji vyake huanza kuulizana swali lile lile: hili gari dogo la familia, liwe Toyota Camry, Honda Accord au Nissan Altima, lifanyiwe nini ili lipite kwenye theluji bila kusukumwa, na fedha ikibaki, liongezewe nguvu kiasi gani ili liingie barabara kuu bila kuhema? Wauzaji wana majibu mengi, na kila jibu lina bei yake. Mwongozo huu unayapanga majibu hayo kuanzia lile linalostahili dola ya kwanza hadi lile linaloweza kusubiri miaka, na kigezo cha mpangilio ni kimoja: gari hugusa barabara kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono, na hakuna injini, breki wala usukani unaoweza kufanya zaidi ya vile vipande hivyo vinavyoruhusu.

Hesabu yake si ngumu. Kwenye lami kavu, mshiko wa matairi hufikia kama asilimia 80 ya uzito wa gari. Kwenye theluji iliyoshindiliwa hushuka hadi karibu asilimia 20, na kwenye barafu tupu hadi asilimia 10 hivi. Kwa viwango hivyo, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husimama baada ya mita 12 kwenye lami kavu, mita 49 kwenye theluji hiyo na mita 98 kwenye barafu, bila kuhesabu muda ambao dereva hutumia kushtuka na kukanyaga breki. Anayeongeza nguvu ya injini kabla ya kuongeza mshiko huwa amelipia magurudumu yazunguke papo hapo kwa kasi zaidi.

Nafasi ya kwanza: matairi manne ya theluji yenye rimu zake

Tairi la kawaida linalouzwa Marekani kwa jina la tairi la misimu yote limetengenezwa kwa mpira unaoanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, yaani kabla hata theluji ya kwanza haijaanguka. Mpira uliokakamaa haushiki barabara, hata kama meno ya tairi bado ni marefu. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini kwenye baridi kali, na meno yake yamechanjwa mikato mingi myembamba inayouma theluji na kunyonya ule utando wa maji unaofanya barafu iteleze.

Alama ya kutafuta ubavuni mwa tairi ni mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani yake, iliyoanza kutumika mwaka 1999. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake huonyesha tu umbo la meno na haithibitishi kwamba tairi limepimwa kwenye theluji. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, tairi lenye herufi hizo bila alama ya mlima halihesabiwi tena kuwa tairi la baridi. Hata hivyo, alama ya mlima nayo ina mipaka yake, kwa kuwa inathibitisha uwezo wa kuvuta kwenye theluji, lakini haimwambii mnunuzi lolote kuhusu barafu.

Katika kundi hili ningeweka juu Nokian Hakkapeliitta isiyo na misumari, Michelin X-Ice Snow na Bridgestone Blizzak. Nokian ni ya Finland, nchi ambayo jina la Hakkapeliitta limekuwa kwenye matairi tangu mwaka 1936, na Blizzak ilianzia Japani mwaka 1988. X-Ice ndiyo ningemshauri anayesafiri mara kwa mara kwenda Chicago au Des Moines, kwa sababu hudumu kwenye lami kavu. Blizzak ningempa anayezunguka mitaani, kwenye makutano yaliyosuguliwa na magari hadi yakawa kioo. Mwenye fedha kidogo atazame General AltiMAX Arctic 12, ambayo haina sifa za kutangazwa sana lakini inafanya kazi yake. Matairi ya misumari yanayopendwa Sweden, Norway na Finland tuyaache, kwa kuwa sheria ya Minnesota hairuhusu wakazi wake kuyatumia.

Rimu nazo zinataka akili. Camry ya mwaka 2018 hadi 2024 yenye rimu za inchi 18 hutumia tairi la 235/45R18 (upana wa milimita 235, ubavu wa asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 18), lakini ndugu yake ya bei nafuu ya miaka hiyo hiyo ilitoka kiwandani na 205/65R16, na vipimo hivyo viwili vinakaribiana sana kwa kimo cha gurudumu zima. Kwa hiyo unaweza kununua rimu za chuma za inchi 16 na matairi membamba ya bei ndogo: tairi jembamba huikata theluji badala ya kuelea juu yake, na ubavu wake mrefu hustahimili mashimo yanayochimbika Machi. Kabla ya kulipa, hakikisha tu kwamba rimu hiyo inaikubali breki ya gari lako. Ukiwa na rimu za pili hulipi gereji kuvua na kuvisha tairi kila msimu. Jeki, spana na saa moja ya Jumamosi zinatosha.

Nunua manne. Nasisitiza kwa sababu mimi mwenyewe nilinunua mawili. Katika baridi yangu ya kwanza, gereji moja ilinishauri niyafunge mbele tu, kwa hoja kwamba gari langu linavutwa na magurudumu ya mbele, na kweli liliondoka vizuri kwenye taa kwa wiki mbili nzima. Kisha kwenye kona ya kutokea barabara kuu mbele kukashika, nyuma kukaachia, na familia yote ikajikuta inatazama ilikotoka. Hakuna aliyeumia. Matairi mawili yaliyobaki niliyanunua siku iliyofuata.

Kwa anayenunua mtumba, tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni ndizo cheti cha kuzaliwa cha tairi: 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la theluji lenye meno chini ya milimita 4 limekwisha kazi yake ya theluji, ingawa sheria nyingi za barabarani huruhusu hadi milimita 1.6. Kumbuka pia upepo, kwa maana kila joto linaposhuka nyuzi 5 au 6, tairi hupoteza takriban pauni moja ya upepo kwa inchi ya mraba, na tairi lililojazwa Septemba huwa limelegea ifikapo Januari bila kutoboka popote.

Nafasi ya pili: betri na kila kinachosaidia injini kuwaka

Tarehe 30 Januari 2019, Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Katika baridi ya namna hiyo gari lenye matairi bora kuliko yote halina faida ikiwa limelala mbele ya nyumba. Betri iliyojaa, ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, hubakiwa na karibu nusu ya nguvu zake, wakati huo huo oili imekuwa nzito na injini inadai nguvu zaidi ili izunguke. Kwenye betri angalia namba ya CCA, yaani nguvu ya kuwasha injini kwenye baridi, ambayo hupimwa kwa joto hilo hilo la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa sekunde 30, na isiwe ndogo kuliko ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Betri iliyotimiza miaka minne ipimwe Oktoba. Maduka mengi ya vipuri hupima bila malipo.

Oili iwe ile ile iliyoagizwa na kiwanda, ambayo kwa magari mengi ya siku hizi ni oili nyepesi ya 0W-20 au 0W-16, na mtu asikushawishi uweke nzito kwa mazoea ya nyumbani, ambako injini iliyochakaa hupewa oili nzito ili isile sana. Maji ya radieta yawe mchanganyiko wa nusu kwa nusu, unaovumilia hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Anayelaza gari nje afikirie hita ya injini ya kuchomekwa kwenye umeme usiku, kifaa ambacho kwa wakazi wa Winnipeg, ng'ambo ya mpaka, ni cha kawaida kama waipa.

Nafasi ya tatu: seti moja ya matairi ya mwaka mzima

Hili ni chaguo la anayeishi ghorofani na hana pa kuweka matairi manne ya ziada. Yapo matairi yenye alama ya mlima yanayoruhusiwa kubaki kwenye gari Julai na Januari, na Michelin CrossClimate 2 ndiyo inayojulikana zaidi, ikifuatwa na Toyo Celsius na Nokian Remedy WRG5. Kwenye theluji mpya yanasogea karibu na tairi halisi la baridi. Kwenye barafu yanaachwa mbali. Kwa mkazi wa Kansas City au Louisville ningeyapandisha hadi nafasi ya kwanza, kwa kuwa theluji ya huko huja na kuondoka. Kwa Duluth singeyanunua.

Nafasi ya nne: gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne

Najua wengi wangeliweka juu. Tumetoka katika nchi ambazo gari la magurudumu manne huheshimika, kwa sababu tope la masika halina mzaha. Lakini mfumo huo hugawa tu nguvu ya kuondokea. Magari yote yana breki kwenye magurudumu manne, na gari la namna hiyo lenye matairi ya kawaida husimama mbali vile vile kama lisilo nao. Hatari yake ni kwamba huondoka kwa urahisi hadi dereva akasahau barabara ilivyo. Ndiyo maana Honda Accord, isiyouzwa na mfumo huo, ikivishwa Blizzak nne ningeipanda kwa amani zaidi.

Ikiwa unanunua gari sasa, hata hivyo, na una matairi kwenye bajeti, mfumo huo una thamani, hasa kwa anayepanda vilima au anayetoka kazini usiku kabla wasafisha theluji hawajapita. Subaru Legacy ilikuwa nao kama kawaida hadi ilipokoma na toleo la mwaka 2025, kwa hiyo sasa itafutwe kwenye mitumba. Nissan Altima imekuwa nao kwa hiari tangu toleo la 2019, na Camry iliurejesha katika toleo la 2020. Camry ya 2025, ambayo yote ni haibridi (injini ya petroli pamoja na mota ya umeme), ikinunuliwa na mfumo huo huusukuma mhimili wa nyuma kwa mota ya umeme na kufikisha nguvu farasi 232 badala ya 225, na nyongeza ya bei yake ilikuwa karibu dola 1,500. Mwenye Subaru akumbuke kwamba kiwanda kinataka matairi yake yatofautiane kwa mzingo usiozidi robo inchi, hivyo tairi moja likipasuka huenda ukalazimika kununua manne.

Minyororo ya matairi ni ya milima ya California na Colorado, na mara nyingi sedani haina nafasi ya kuivalia. Gunia la mchanga kwenye buti liliwafaa wazee waliokuwa na magari ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Kwa gari la kuvutwa na ya mbele, hilo gunia linapunguza uzito mahali penye kazi.

Nafasi ya mwisho: kuongeza nguvu ya injini

Kuna kichekesho kidogo hapa. Vifaa vya kuingizia injini hewa baridi huuzwa kwa mamia ya dola, ilhali hewa ya Januari yenye nyuzi 20 chini ya sifuri ni nzito kwa karibu moja ya tano kuliko ya Julai yenye nyuzi 30. Majira yenyewe yamekupa ulichotaka kununua. Eksozi pana kwenye injini ya lita 2.5 isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia injini hewa, itakupa sauti, na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini kama hiyo huleta nguvu chache mno kuzihisi. Injini yenye tabo huitikia zaidi, lakini kiwanda kinaweza kukataa kulipia kilichoharibiwa na mabadiliko hayo.

Anayetaka sedani yenye nguvu ainunue hivyo kutoka kiwandani. Camry ya silinda sita, iliyouzwa hadi mwaka 2024, ina nguvu farasi 301, zote zikienda mbele. Accord ya lita 2.0 yenye tabo, iliyokoma mwaka 2022, ina 252. Legacy ya lita 2.4 yenye tabo, ya mwaka 2020 hadi 2025, ina 260 zinazogawanywa kwa magurudumu manne, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo pekee katika tatu hizi inayoweza kutumia nguvu zake Februari. Ikiwa gari ulilonalo limedhoofika tu, anza na plagi na chujio la hewa. Mara nyingi nguvu inayotafutwa dukani imepotelea humo.

Matairi ya theluji yavuliwe Aprili, asubuhi zikishazoea kupita nyuzi 7, kwa sababu mpira wake laini huliwa haraka na lami ya joto. Yahifadhiwe mahali pakavu pasipo jua, na kabla ya kuyapanga andika kwa chaki ndani ya kila moja lilikokuwa, mbele kushoto au nyuma kulia, ili Novemba uyabadilishane mbele na nyuma bila kubahatisha.